Lijamu za farasi anayelalia mkono: ipi ya kununua ukiwa Mombasa, ipi ya kuiacha dukani

Tuanze na hukumu, mwenye haraka apate chake aondoke. Farasi wako akiwa ni wa kulalia mkono, nunua lijamu (kile chuma cha mdomoni kinachofungwa hatamu) ya pete zinazozunguka, yenye viungo viwili na punje ya mviringo katikati, unene wa milimita 14 hadi 16, ya stenlesi halisi au ya mchanganyiko wa shaba. Waterford, ile ya vitufe vilivyoungana, inashika nafasi ya pili, na ni kwa mpandaji mwenye mkono mwepesi tu. Za mpira na plastiki nene ziache, kwa kazi hii hazisaidii. Na zile zenye mikono mirefu na mnyororo wa kidevu zisionekane kabisa kwenye farasi wa kukodisha huku Nyali na Bamburi, ambako mgeni wa nusu saa hushikilia hatamu ili asianguke.

Sasa sababu zake, maana bila sababu utauziwa chochote.

Farasi wa kulalia mkono ni yule anayekuachia uzito wa kichwa na shingo kwenye hatamu. Hakimbii nawe, hainui pua juu, hatupi kichwa. Anakuja chini na mbele, pole pole, mpaka mabega yako yanauma na yeye anakwenda kana kwamba ana mguu wa tano. Hao wengine watatu dawa yao ni tofauti, na kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kuwachanganya. Farasi aliyesimama tu hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Akipandwa na mtu aliyeinama mbele, kwenye mchanga laini, uzito unazidi kwenda huko huko, na atatafuta pa kuegemea. Mlevi aliyeegemea ukuta haanguki mpaka ukuta uondoke. Hapa ukuta ni mkono wako, na chuma kilichotulia tuli mdomoni ndicho kinachouunganisha na ulimi wake. Kwa hiyo lijamu tunayoitafuta ni ile isiyotulia kiasi cha kuegemewa. Kuumiza ni habari nyingine kabisa. Muuzaji akikwambia "huyu anahitaji kali zaidi", jua hajaelewa ugonjwa.

Kabla ya kutoa pesa, angalia meno. Meno ya farasi hayaachi kutoka ufizini, kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, na yanasagika kwa kutafuna. Taya la juu ni pana kuliko la chini, basi kingo za nje za magego ya juu na kingo za ndani za magego ya chini hubaki bila kusagwa na kuchongoka. Lijamu ikivuta shavu dhidi ya kingo hizo, farasi hubana taya na kulala kwenye chuma ili maumivu yakae mahali pamoja. Pia kuna vile vijino vidogo vinavyoota mbele kabisa ya gego la kwanza la juu. Si kila farasi anavyo, lakini aliye navyo mara nyingi chuma hugonga hapo hapo. Daktari wa mifugo mwenye tupa ya meno na kifungua mdomo anamaliza kazi hiyo kwa muda mfupi, na farasi mzima anahitaji kuangaliwa angalau mara moja kwa mwaka. Aliye chini ya miaka 5 bado anang'oa meno ya utoto, huyo mara mbili. Lijamu haiwezi kutibu jino.

Halafu tandiko. Likikaa juu ya mabega badala ya nyuma yake, mpandaji anakaa mbele ya mahali pake na farasi anasukumwa chini kwa kila hatua. Halafu kwato: waliostaafu mbio za Ngong na kushushwa kwa kazi nyingine mara nyingi huwa na vidole virefu na visigino vya chini, wanajikwaa, na anayejikwaa hushika mkono ili asianguke. Fundi wa kwato kila wiki 6 hadi 8, hakuna njia ya mkato. Vitu hivi vitatu vikiwa sawa, asilimia kubwa ya uzito mkononi huondoka bila kununua kitu. Kinachobaki ndicho cha kununulia lijamu.

Mombasa si mji wa maduka ya vifaa vya farasi. Vitu hutoka Nairobi, au kwa watu wanaouza vya zamani, au huagizwa nje na kungojewa. Kwa sababu hiyo mtu hununua kile anachokikuta, na anachokikuta mara nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli. Kule bara kitu hicho kinaweza kudumu miaka. Hapa, kati ya jasho, mate, hewa ya chumvi na farasi anayetembezwa hadi magotini baharini, rangi ile ya fedha huanza kububujika kwenye tundu la pete, kisha kwenye kiungo, kisha inabanduka vipande. Kipande kilichobanduka nusu kina ukingo unaokwangua ulimi na kona za midomo, na hauonekani kwa macho. Unausikia kwa ncha ya kidole tu. Farasi anayekwanguliwa hivyo anaweza kulala kwenye chuma zaidi au kukikimbia, kutegemea kipande kimekaa wapi, na mwenyewe utahangaika na mafunzo wakati tatizo ni la karakana.

Chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu, nenda nayo dukani. Igusishe kwenye mdomo wa lijamu, yaani ile sehemu inayoingia kinywani, kwenye pete, na kwenye kiungo, kila mahali peke yake, kwa sababu kuna lijamu zenye mdomo mzuri na pete mbovu. Ikinata kwa nguvu, hicho ni chuma kilichopakwa au stenlesi ya daraja la chini. Stenlesi nzuri haivutwi au inavutwa kidogo sana. Pete iliyokunjwa baridi inaweza kuvuta kiasi, hilo lisikutishe. Mchanganyiko wa shaba hauvutwi kabisa. Chapa ya stenlesi iliyogongwa kwenye pete peke yake si ushahidi wa kutosha.

Watu wa mashua wanajua kuwa stenlesi ya 316 ina molibdeni na inahimili chumvi kuliko 304. Lijamu nyingi hazitaji namba, basi chukulia kuwa ni ya chini na uioshe. Maji matamu, mara tu baada ya kutoka ufukweni, kabla mate hayajakauka. Zungusha pete ndani ya matundu yake mpaka usisikie tena mchanga ukisaga. Shaba isikutie hamu ya kuisugua kwa ukwaju au limau na chumvi kama sinia la nyumbani. Mabaki ya asidi na chumvi hukaa ndani ya tundu usipofikia kwa kitambaa na kuendelea kula madini.

Basi tuje kwenye yenyewe tunayoipendekeza. Pete zinazozunguka maana yake pete inapita kwenye tundu lililotobolewa mwishoni mwa chuma, ikizunguka huru. Ukigusa hatamu kidogo, chuma kinasogea mdomoni kabla uzito haujafika. Farasi hawezi kukipata kimetulia. Zile za pete zilizofungwa kwa bawaba hukaa tuli, na utulivu huo ni mzuri kwa farasi mwoga anayekimbia chuma, lakini kwa wa kwetu huyu ndio anaoutaka ili aegemee. Viungo viwili na punje katikati vinafanya kazi nyingine: lijamu ya kiungo kimoja, ukivuta hatamu zote mbili, hujikunja pembe tatu, ikabana ulimi na ufizi pande mbili na ncha yake kuelekea kaakaa. Punje inagawa shinikizo juu ya ulimi, na kila upande unaweza kusogea bila kuuburuta mwenzake. Hilo la pili ndilo muhimu kwetu, kwa sababu farasi wa kulalia mkono huondolewa uzito upande mmoja kwa wakati mmoja.

Angalia punje yenyewe. Ya mviringo, laini, isiyo na mshono, ndiyo sawa. Kuna yenye kibao bapa kifupi kilichobanwa kiunoni, nayo haina neno. Lakini kuna ndugu yake mwenye kibao kirefu zaidi kilichowekwa kwa mshazari, anaitwa Dr Bristol, na ukingo wa kibao chake huchoma ulimi kila hatamu ikikazwa. Kwenye masanduku ya vitu vya zamani hawa wawili hukaa pamoja na muuzaji hajui tofauti. Ishike lijamu kwa pete zote mbili, inyooshe, itazame kwa ubavu: kibao kikisimama kwa pembe na sehemu nyingine za mdomo, hiyo ni Dr Bristol, irudishe.

Unene una mjadala. Wengi hapa wanaamini nene ni pole. Ingekuwa kweli kama mdomo wa farasi ungekuwa na nafasi. Hilary Clayton, daktari wa mifugo aliyechunguza lijamu ndani ya mdomo kwa eksirei, alionyesha jinsi ulimi unavyojaza nafasi kati ya taya mbili na jinsi farasi anavyotumia ulimi huo kukisogeza chuma. Farasi mwenye damu ya mbio au ya Kiarabu, mwenye kichwa kidogo na ulimi mnene, akitiwa chuma cha milimita 20 hawezi kufunga mdomo vizuri wala kumeza mate. Fungua kona ya midomo yake, ingiza kidole kwenye lile pengo lisilo na meno: kidole kikibanwa na ulimi kutoka chini na kaakaa kutoka juu, chukua 14. Ukipata nafasi, 16. Zaidi ya hapo ni kwa vichwa vikubwa ambavyo ufukweni kwetu ni nadra.

Kwa majina: KK Ultra ya Sprenger, kampuni ya Iserlohn huko Ujerumani iliyopo tangu 1872, ndiyo inayojulikana zaidi kwa umbo hili. Punje yake imegeuzwa mbele kwa nyuzi 45 ili ikae juu ya ulimi bila kuuchimba. Madini yake ni mchanganyiko wa shaba usio na nikeli, na ubora wa umaliziaji unausikia mara ya kwanza ukiupitisha kidole: hakuna mshono popote. Neue Schule ya Uingereza ina umbo la aina hii kwa jina la Team Up, nalo ni zuri vile vile. Ubaya wa zote mbili ni bei. Pesa ya moja inanunua kadhaa za stenlesi za kawaida, na ukiiagiza na ikaja ukubwa usio wake, umekwama. Tena shaba ni laini kuliko stenlesi: mchanga wa ufukweni ukiingia kwenye tundu la pete unalitanua haraka. Kwa farasi wa mtu mmoja anayefanya kazi kwenye uwanja, tungetoa pesa hiyo bila kusita. Kwa farasi wa ufukweni anayeingia majini kila siku, stenlesi nzuri iliyopita mtihani wa sumaku inatosha, na kilichobaki kwenye bajeti kiende kwa daktari wa meno.

Waterford. Hapa maneno ni mengi kwa sababu kila mwenye farasi mzito huishia kuambiwa ajaribu hii. Ni msururu wa vitufe vilivyoungana kwa viungo vingi, unaojikunja pande zote, na hakuna sehemu hata moja iliyo ngumu ya kuegemea. Farasi akijaribu kulala, msururu unampiga chenga. Matokeo huonekana siku hiyo hiyo, na ndipo hatari ilipo: mpandaji anafurahi, anaacha kufanya kazi ya miguu, anabaki na chuma. Kila kitufe kinagusa nukta ndogo tu, hivyo shinikizo ni kubwa kuliko la chuma laini. Mpandaji mwenye tabia ya kuvuta kushoto-kulia-kushoto ili kichwa kishuke atachubua ulimi na kona za midomo katika somo moja. Tunasema hivi bila kuzunguka: kama huwezi kukaa kwenye mwendo wa matiti, yaani mbio za pole, mikono ikiwa imetulia bila kuning'inia hatamuni, Waterford si yako, hata kama farasi ni mzito kiasi gani.

Ukiichukua, chukua ndefu kidogo kuliko kawaida yake, kiasi cha nusu inchi, kwa sababu inazunguka taya na kuliwa urefu. Na kwa kuwa imelegea, ukivuta hatamu moja kwa nguvu pete ya upande wa pili inaweza kuingia mdomoni. Tafuta yenye pete kubwa au yenye vijiti virefu pembeni. Angalia viungo kati ya vitufe: zile za bei rahisi zina viungo vilivyolegea vinavyoweza kufinya ngozi ya mdomo katikati. Iining'inize mkononi kisha ikunjue taratibu juu ya ukucha wako wa kidole gumba. Ikiufinya ukucha, itafinya ulimi. Kwenye mashindano ya dresaji, yale ya kumwendesha farasi kwa ustadi uwanjani, chini ya sheria za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, hairuhusiwi. Sisi tungeitumia wiki chache, siku mbili tatu kwa wiki, kumkumbusha farasi kujibeba, kisha kurudi kwenye ile ya punje.

Myler ya Marekani nayo ina yake, yenye pipa dogo katikati linalozuia mdomo kujikunja kupita kiasi huku kila upande ukizunguka kivyake. Kwa farasi anayelalia mkono mmoja tu, tuseme wa kulia, ni chaguo la akili. Lakini soma maelezo kabla ya kulipa: baadhi ya midomo yao ni ya chuma kinachoachwa kishike kutu makusudi ili kichochee mate, kikiwa na vipande vya shaba vilivyopachikwa. Kwenye nchi kavu ni sawa. Chuma na shaba vilivyogusana ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, na kwa haraka. Chagua yao ya stenlesi au iache.

Za mpira na plastiki zina watetezi, na kwa farasi mchanga mwenye mdomo uliojeruhiwa tunakubali. Kwa huyu wetu hapana. Fimbo moja nene iliyonyooka ndiyo egemeo zuri kuliko yote. Isitoshe, anayelala huwa anatafuna, na plastiki iliyotafunwa ina meno yake yenyewe. Juani hapa mpira hupasuka. Zenye vigurudumu vya shaba vinavyozunguka chuma, ambazo vitabu vya zamani huzisifu kwa farasi wazito, huharibiwa na jambo moja la kijinga kabisa: mchanga. Unaingia chini ya gurudumu, gurudumu linakwama upande mmoja, pengo linafunguka upande mwingine, na ulimi unaingia humo.

Tuje kwenye zile za nguvu. Kimblewick, pelham, na ile ya pete tatu inayoitwa gag ya Kiholanzi zinafanana kwa jambo moja: hatamu haivuti moja kwa moja, inavuta mkono wa chuma, na mkono unazidisha nguvu. Kimblewick hubana kidevu kwa mnyororo na kushusha kichwa. Sasa jiulize, farasi ambaye shida yake ni kichwa kushuka, unamshusha kwenda wapi? Wapo wanaojifunza kulala kwenye Kimblewick kuliko walivyolala kwenye lijamu ya kawaida, kwa sababu mdomo wake mwingi ni chuma kimoja kisichosogea. Gag ya pete tatu, hatamu ikifungwa pete ya chini, inabana utosi kwa mkanda wa kichwa huku ikivuta kona za midomo kwenda juu. Farasi anaambiwa shuka na panda kwa wakati mmoja. Mpandaji hodari wa kuruka viunzi anajua kuitumia kwa sekunde moja na kuiachia. Pelham yenye hatamu nne ndiyo ya heshima kati yao, kwa kuwa unaweza kuacha ile ya chini ilegee na kuigusa pale tu inapobidi. Lakini hatamu nne zinahitaji vidole vilivyofundishwa.

Kwa biashara ya ufukweni hatuoni sababu hata moja ya kuwa na mojawapo ya hizi. Mgeni akiyumba, atavuta. Akivuta kwa mkono wa chuma wa inchi tatu, farasi atasimama kwa maumivu, au atarudi nyuma kwa maumivu, na nyuma kuna watoto wenye maboya na muuza madafu.

Kuhusu fundi wa kuchomelea: watu huuliza, kwa nini nisipeleke sampuli nikatengenezewa kwa bei poa? Fundi wa jua kali ana ujuzi wake, na pete ya kufungia kamba ya shingo atakutengenezea vizuri. Lijamu ni habari nyingine. Nondo ina mbavu, na hata zikisagwa chuma chake kinashika kutu. Mahali pa kuchomelea huacha vipele ambavyo msasa hauvimalizi ndani ya kiungo. Na chuma kilichopashwa moto kisha kupozwa ovyo huweza kukatika bila kupinda kwanza. Lijamu ikikatika kwenye shoti, huna breki wala usukani. Vile vile usichomelee lijamu iliyolika ili iendelee. Itupe.

Kipimo. Chukua kamba ya katani au kijiti laini cha mbao, kipitishe mdomoni pale lijamu inapokaa, shika pande zote mbili pale inapotoka kwenye midomo, weka alama, pima kati ya alama. Kwa pete zinazozunguka ongeza kiasi cha nusu sentimita kila upande. Kwa pete za bawaba nusu ya hapo inatosha. Farasi wengi wa huku, wenye damu ya mbio au wadogo wa Kisomali, wataangukia kati ya sentimita 11.5 na 13, yaani inchi nne na nusu mpaka tano na kidogo. Ikiwa fupi, tundu la pete hufinya midomo. Ikiwa ndefu, inateleza upande kwa upande, punje haikai katikati ya ulimi, na kazi yote ya viungo viwili inapotea. Ndefu ndiyo kosa la kawaida zaidi kwa vitu vya kununua kwa bahati.

Ukishaivisha, mikanda ya mashavu iwe kwenye tundu sawa pande zote. Kona ya midomo ionyeshe mkunjo mmoja au miwili midogo. Ivute hatamu kidogo na uangalie kama chuma kinafika kwenye chonge. Farasi wengi dume wanazo, majike wachache. Mkanda wa pua uache nafasi ya vidole viwili juu ya mfupa wa pua, na vipimwe hapo mbele, kwa sababu pembeni nyama inakubali kila kitu. Kuubana mkanda ili farasi asifungue mdomo ni kuficha jibu ulilomuuliza.

Jaribu wakati wa maji kupwa, kwenye ule mchanga mgumu wenye unyevu, na uanze kwa kwenda mbali na banda. Wanaoelekea nyumbani hulala mkononi zaidi, na utailaumu lijamu bure. Dakika 10 za kutembea. Kisha mduara mpana wa mita 15 hivi, na kila hatua 20 badilisha: tembea, simama, tembea, matiti, tembea. Akianza kuweka uzito, kaza miguu, funga vidole kwa hatua moja, kisha vifungue. Hatua moja, usishikilie ya pili. Ukiendelea kushika umempa ukuta wake. Kwenye mduara, sogeza mkono wa ndani mbele kwa hatua mbili tatu: akibaki na umbo lake, anajibeba, akianguka mbele, alikuwa juu yako. Kurudi nyuma hatua 3 au 4 kunasaidia kumkalisha kwenye miguu ya nyuma, lakini usikufanye adhabu wala usizidishe.

Baada ya hapo mvue na uangalie. Povu jepesi jeupe kwenye midomo ni zuri. Wekundu kwenye kona, alama kwenye ufizi wa lile pengo, au ulimi uliobadilika kuwa wa buluu unamaanisha simama, hata kama alikwenda vizuri. Na usitoe hukumu kwa siku ya kwanza. Lijamu yoyote ngeni humfanya farasi mwepesi kwa muda, anachunguza kilichobadilika. Tabia ya zamani hurudi akishaizoea. Wiki mbili ndizo zinazosema ukweli.

Kwa wenye farasi wa kukodisha, mpangilio mmoja una thamani kuliko lijamu yoyote tuliyoitaja. Mvishe farasi mikanda ya ngozi ya kichwani inayoshika lijamu juu ya kamba ya kawaida ya kichwa, na hatamu anazopewa mgeni zifungwe kwenye pete za pembeni za kamba hiyo ya kichwa, zisifungwe kwenye chuma. Mgeni ana kitu cha kushika, mdomo haumo kwenye hesabu. Saisi anayetembea pembeni ashike kamba yake iliyofungwa chini ya kidevu kwenye kamba ya kichwa, kamwe isifungwe kwenye pete moja ya lijamu, maana akivuta ataiburuta yote kupitia mdomoni. Lijamu ibaki na hatamu za saisi mwenyewe, zimelegea juu ya shingo, za dharura.

Kila mwezi pitisha kidole gumba ndani ya matundu ya pete. Ukisikia ukingo, au pete ikicheza kwa zaidi ya milimita mbili, hiyo imekwisha, hata kama kwa mbali bado inang'aa.